Ndege wa Bala

Kosa kubwa la kwanza maishani mwangu nililifanya kwa kumsahihisha mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, niko darasa la tano, na nilikuwa sahihi kabisa. Hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa nimekosea, ningeomba radhi siku ileile mambo yakaisha. Lakini aliye sahihi haoni cha kuombea radhi, na mimi ilinichukua miaka mingi kukiona. Mpaka leo nikipita ufukweni nikakutana na harufu ya magugu maji yaliyoozea juani, imechanganyika na petroli ya injini ya boti na mafuta ya chapati zilizofungwa kwenye gazeti, nageuza njia. Ndiyo harufu ya Jumamosi ile. Watu wengine harufu za utotoni huwapeleka mahali pa raha. Mimi hunipeleka kwenye boti yenye turubai la bluu, nimekaa benchi la mbele, mkono wangu wa kulia umeshika sikio.

Tulikuwa tukikaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili na ua ambao nusu yake mama aliifanya jiko. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, na kwa miaka yote niliyomfahamu alirudi nyumbani ananukia mbegu za pamba zilizopashwa moto. Kisha neno jipya likaingia mtaani: kupunguzwa. Watu walilitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa. Baba Shija amepunguzwa. Baba Anjela naye, sijui kama atavuka mwezi huu. Mashirika yalikuwa yanauzwa, mitumba ilikuwa imemwagwa Buzuruga mpaka kwenye mitaro, na kila mwenye akili alisemekana ameacha kitu fulani ili aanzishe kitu fulani. Baba hakuacha kitu. Aliachwa. Alirudi siku moja mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi, viatu vyake vizito vya kazini viko mkononi, akavipanga chini ya kitanda, visigino vikitazama ukuta. Vilikaa pale miezi minne. Harufu ya mbegu za pamba ikamtoka polepole, mpaka akawa ananukia sabuni tu, kama mgeni aliyekuja kututembelea.

Mimi wakati huo nilikuwa na ugonjwa wangu. Nilitaka kila kitu kiwe sawa. Nikikosea neno moja kwenye daftari nilichana ukurasa mzima nikaandika upya, mpaka mama akaniuliza kama madaftari nayatafuna. Kubwa kuliko yote lilikuwa Kiswahili. Hakuna aliyenifundisha, nilijifundisha mwenyewe kwa vitu viwili. Cha kwanza ni redio ya jirani, ambayo nilikuwa naifuata ukutani jioni taarifa ya habari inaposomwa, nikirudia kila sentensi nyuma ya mtangazaji kama mwangwi. Cha pili ni kamusi isiyo na jalada iliyoanzia herufi d, kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa zimefungia karanga kabla haijanifikia. Kwa hiyo maneno ya d na kuendelea niliyajua kwa macho, ya a, b na ch niliyajua kwa masikio, na masikio yangu nikayaamini kuliko kitu chochote duniani.

Sasa mtu mwenye masikio ya namna hiyo azaliwe Mwanza. Mtaani kwetu kulikuwa na Wasukuma, Wajita, Wahaya, Wajaluo, na hakuna aliyekuwa na r na l zake zimekaa mahali pake. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na watu wazima walikuwa wakikumbushana kwenda kupiga kula, na wengine wakijibu kwa kicheko kwamba kula wangekwenda hata kila siku. Wote walicheka, hakuna aliyejali. Mimi nilijali. Na aliyenitesa zaidi alikuwa baba yangu mwenyewe. Alizaliwa Ukerewe, akaja Mwanza mtu mzima, na kinywani mwake r na l zilikuwa zikibadilishana viti bila utaratibu wowote. Kulala ilikuwa kurara, barua ilikuwa balua. Jina lake, Majura, yeye mwenyewe alilitamka Majula, na nikiwa mdogo nilidhani ana majina mawili. Na mama alizungumza naye Kikerewe. Mimi niliwajibu kwa Kiswahili. Waliponisemesha Kikerewe nilijifanya sisikii, na baada ya kujifanya kwa muda mrefu ikawa kweli.

Kitu kimoja ambacho kiwanda hakikuweza kukipunguza ni ndege. Baba alikulia ukingoni mwa ziwa, na alijua kila chenye mbawa kinachogusa maji yale: kinakula nini, kinataga wapi, kinaogopa nini. Siku moja aliitwa kule Pasiansi, ufukweni, kutengeneza injini ya boti ya mtu mmoja aitwaye Bwana Kamugisha. Huyu alikuwa mwalimu wa zamani kutoka Bukoba, ameacha chaki amenunua boti, na alikuwa ameanza kuwapeleka wageni na wanafunzi kwenye kisiwa kidogo cha mawe, wanatazama wanyama na ndege, wanarudi jioni. Baba alipokuwa anafungua plagi akawa anamsimulia habari za mnandi aliyetua kwenye jiwe akikausha mbawa. Bwana Kamugisha alikuwa ameajiri vijana wawili mpaka siku hiyo, na wote wawili kila ndege walimwita ndege. Akamwambia, "Mzee, mimi natafuta mtu, kumbe mtu mwenyewe yuko chini ya injini. Jumamosi ya kwanza mwezi ujao nina watoto wa shule. Njoo uwatembeze, nikuone. Ukiwaweza watoto, wageni utawaweza." Watoto wenyewe walikuwa darasa letu.

Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha ya namna ile. Alivitoa viatu chini ya kitanda akavipaka rangi. Mama akaweka mkaa kwenye pasi, akalinyoosha shati jeupe la kwendea misa mpaka kola ikasimama. Na baba akaniita mimi. Alasiri tatu mfululizo, nikitoka shule, tulikaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo zilizopinduliwa, yeye akinieleza ndege kama vile mimi ndiye darasa zima. "Kiswahili chako kimenyooka," aliniambia. "Changu kinapinda. Nikikosea unisahihishe, baba." Aliniita hivyo, baba, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wakiwapenda au wakiwaomba kitu. Nilimsahihisha. Nilikuwa na daftari, nikaandika majina yote kwa mwandiko wa herufi kubwa: mnandi, kwazi, mdiria, kongoti, yangeyange. Mara kadhaa aliniambia, "Huyu kwetu ana jina lake," akalitaja kwa Kikerewe, akasubiri niandike. Nikamwambia hayo hayahitajiki, wageni watataka Kiswahili. Akasema, "Haya," tukaendelea.

Siku ya tatu ndiye yeye aliyebuni alama. Alisema nisiseme kitu mbele ya watu, kwa kuwa haipendezi. "Ukisikia nimekosea, wewe shika sikio tu. Mimi nitakuona, nitalekebisha." Nikashika sikio palepale. Akacheka mpaka akakohoa. "Nitarekebisha," akasema.

Tuliondoka asubuhi, ziwa limetulia, watoto thelathini na nane tukapelekwa kwa safari mbili, mwalimu wetu wa Sayansi, Mwalimu Editha, akiwa na orodha ya majina na kanga begani. Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mawe ya kisiwani anatusubiri, shati linang'aa. Karibu wote wa Nyakato walimfahamu. Masanja, rafiki yangu na adui yangu kwa zamu, alinisukuma kwa kiwiko. "Deo, baba'ako leo kapendeza, anaoa?" Tukapanga mstari, tukasalimia kwa sauti moja, shikamoo, ile ya kuvuta ya wanafunzi. Baba akafungua mikono yake yote miwili. "Malahaba, wanangu. Kalibuni sana." Pumzi moja, makosa mawili. Nikashika sikio. Aliniona. "Karibuni," akasema tena, vizuri, na hakuna aliyegundua kitu. Moyo wangu ulijaa. Nilidhani mpango wetu unafanya kazi.

Na kweli kwa saa ya kwanza baba alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Alituonyesha michirizi myeupe juu ya jiwe kubwa akatuuliza ni nini. Wengine wakasema chokaa, mwingine akasema rangi. "Ni mikojo ya pimbi," baba alisema. "Babu yake alikojoa hapa, baba yake akakojoa hapa, naye hawezi kwenda kwingine, hata umfukuze." Masanja akapiga kelele, "Kumbe wana choo cha ukoo!" Darasa likaanguka kwa kicheko, Mwalimu Editha akajifunika uso kwa kanga, na Bwana Kamugisha, aliyekuwa anatufuata nyuma na darubini yake kifuani, alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyepata alichokitafuta. Ni mimi tu ambaye sikucheka. Baba alikuwa amesema michilizi. Nilikuwa nimeshika sikio, na alikuwa hajaniona, kwa hiyo nilisogea mbele nikasimama mahali ambapo asingeweza kunikosa.

Tangu hapo alinitazama mimi. Nilijua, na sikuacha. Kila aliposema neno macho yake yalikimbilia mkono wangu kwanza, kisha yakarudi kwa watoto. Nikishika sikio alirudia neno. Nikishika tena alibadilisha neno. Na baadaye akaanza kuyakwepa maneno yenyewe kabla hayajafika. Nilimwona anatafuta njia ya kupita, kama mtu anayevuka kinamasi akichagua mawe ya kukanyaga. Aliposimama chini ya mti wa kwazi, badala ya kusema anaruka alisema anapaa, badala ya kusema anarudi akanyamaza, akaonyesha kwa kidole. Sentensi zikafupika. Huyu ni kwazi. Anakula samaki. Twendeni. Watoto wakaanza kurushiana vijiwe. Bwana Kamugisha akasema kwa upole, "Mzee Majura, vipi, mbona umezimika? Watie moto watoto!" Baba akatabasamu, akapangusa jasho, akanitazama.

Wakati wa chakula tulikaa kwenye kivuli cha jiwe tukafungua chapati zetu. Baba alikuja akachutama karibu yangu, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Aliuliza taratibu bila kuinua uso, "Nimekosea sana?" Nilikuwa nimehesabu, bila shaka nilikuwa nimehesabu. "Mara kumi na moja," nikamwambia. Akarudia, "Kumi na moja," akiikaza kamba. "Nitajitahidi, baba." Chapati ilikuwa mkononi mwangu, na ningeweza kumwambia habari ya pimbi, jinsi watoto walivyocheka, jinsi Masanja alivyotamani baba kama yule. Sikumwambia. Nilidhani kazi yangu ni makosa.

Saa kumi na moja jioni Mwalimu Editha alianza kuita majina ili tupande boti. Baba akamwendea. "Mwalimu, tusubiri kidogo. Dakika kumi tu, nakuomba." Kulikuwa na kitu katika sauti yake, mwalimu akakubali. Baba akatupeleka upande wa mashariki wa kisiwa, juu ya mwamba bapa, akatuambia tukae chini tutazame kule mji uliko. Mwanzoni hatukuona kitu ila vilima na mabati yanayometameta. Kisha yakatokea madoa meupe, machache, chini kabisa karibu na maji, kisha yakaongezeka, kisha ikawa kama mtu anapeperusha kurasa za daftari kutoka ng'ambo. Yangeyange. Walikuja makundi kwa makundi, bila kelele, wakipita juu ya vichwa vyetu mpaka tukasikia upepo wa mbawa zao, na miti iliyokuwa ya kijani ikawa myeupe. Watoto thelathini na nane tuliinua nyuso. Baba alikuwa amesimama mbele yetu ametupa mgongo, anatazama ziwa, na hakuweza kuona sikio langu, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa amesahau kuwa nipo.

"Waangalieni," alisema, na ile sauti ya asubuhi ikawa imerudi. "Hawa si ndege wa ziwa. Hawa ni ndege wa bala. Asubuhi wanaondoka hapa, wanakwenda bala, wanashinda na ng'ombe za watu. Huko hakuna anayewajua, wanaitwa ndege wa ng'ombe tu. Lakini ikifika saa hii hakuna hata mmoja anayebaki. Maji yote haya wanayavuka kwa ajili ya kurara kwao."

Nilishika sikio. Nilishika mpaka likauma. Hakugeuka. Na mimi, ambaye bara lilikuwa moja ya maneno niliyoyapata kwa juhudi zangu mwenyewe, bila kamusi, nikasimama juu ya ule mwamba nikapiga kelele: "Bara! Siyo bala, ni bara! Na kulala, siyo kurara!"

Halafu Masanja akainuka. "Jamani! Ndege wa balaa! Inameni, balaa linashuka!" Akajifunika kichwa kwa mikono, na darasa lote likajifunika, wasichana wakakimbia wakipiga mayowe ya kucheka, kila ndege aliyepita akaitwa balaa, hili balaa, lile balaa, balaa limekunyea. Wenyewe wote, kuanzia Masanja, nyumbani kwao walisema bala, na wasingeligundua neno lile mpaka kesho. Mwalimu Editha naye alicheka, kisha akajikaza, akanigusa bega. "Vizuri, Deo. Masikio yako yapo kazini." Na hapa ndipo ninapotakiwa kukiri kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu: nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu hivi, nilifurahi.

Baba aligeuka. Hakuwa na hasira, nimejitahidi miaka yote kumkumbuka akiwa na hasira na sikufanikiwa. Alinitazama kama mtu anayetazama saa kuona muda umekwenda kiasi gani. "Bara," alisema. "Ndege wa bara." Aliitamka r ile safi kabisa, safi kuliko ya mtangazaji. Ndege waliendelea kuja nyuma yake kwa mamia, na nina hakika alikuwa na mengi ya kusema juu yao, kwa sababu alasiri ya pili kwenye zile ndoo alinisimulia muda mrefu na mimi nikawa nasikiliza r na l tu. Hakusema tena. Kwenye boti alikaa nyuma karibu na injini. Watoto waliimba wimbo wa balaa mpaka Pasiansi.

Jumatatu nikitoka shule nilimwona Bwana Kamugisha amesimama na baba barabarani, mbali kidogo na nyumba. Waliongea muda mrefu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, Bwana Kamugisha anaonyesha kwa mikono. Baba aliporudi alimwambia mama maneno machache kwa Kikerewe, akaingia ndani, nikasikia viatu vikiwekwa chini ya kitanda. Mama aliniambia, "Hawakumchukua baba yako." Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Anasema wanataka mtu anayesema vizuri." Basi nikaelewa, au niliamini nimeelewa. Niliamini r na l zimemnyima baba yangu kazi, na kwamba mimi niliyaona hayo mapema kuliko wote, na kwamba dawa yake ilikuwa kusahihisha zaidi. Nilirudi kwenye ukuta wa jirani jioni ileile.

Kuanzia wiki hiyo baba aliacha kuzungumza Kiswahili nyumbani. Hakutangaza. Alizungumza Kikerewe na mama, Kikerewe na wageni wa kwao, na mimi akanipa maneno yale ya lazima, njoo, kula, mpelekee mama. Nikimletea kazi za shule alisema, "Muulize mwalimu." Watoto wa mtaani wakampa jina, Mzee Bala, na aliliitikia. Mwaka uliofuata alirudi Ukerewe kwenye shamba la baba yake, viatu vyake amevifunga kamba amevining'iniza shingoni, na mama akabaki Nyakato na mimi na wadogo zangu mpaka tumalize shule. Kila msimu alitutumia gunia la machungwa kwa meli. Mara moja, nikiwa na miaka kumi na minne, ndani ya gunia kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, ameandika kwa mkono wake: Deo mwanangu, hii ni balua yangu ya kwanza kwako. Nilichukua kalamu nyekundu nikalizungushia lile neno. Sikukusudia ubaya, nilikuwa nafanya hivyo kwa kila karatasi. Ninayo mpaka leo. Wino wa baba umefifia, duara langu halijafifia. Hakuna balua ya pili iliyokuja.

Alifariki miaka minne iliyopita, kifua. Tulimzika Ukerewe mchana wa jua kali. Wazee wa ukoo walisimama mmoja mmoja wakamzungumzia kwa Kikerewe, watu wakacheka mahali fulani, wakalia mahali fulani, na mimi mtoto wake wa kwanza nilikuwa nikitazama nyuso zao ili nijue nifanye nini. Binamu yangu alinitafsiria kwa minong'ono. Baadaye, watu wanakula, mzee mmoja mwenye fimbo akaja kukaa kwenye benchi langu. Nikampa shikamoo bila kumtambua. Alikuwa Bwana Kamugisha, amevuka maji kuja kuzika. Kumbe baba alikuwa akimtengenezea injini zake miaka yote, kila alipopita Ukerewe.

"Baba yako," alisema, "nilitembea naye kichwani mwangu miaka mingi. Sijapata mwingine. Lile neno la choo cha pimbi, nimelitumia kwa wageni mpaka nimestaafu."

Nikamwambia, kwa adabu, kwamba nilisikitika siku zile walipomwacha.

"Nani alimwacha?" Aliweka sahani chini. "Mimi nilikuja kwenu Jumatatu kumchukua. Nilisimama barabarani namwomba kama namposa. Akanikatalia. Akasema, tafuta mwenye urimi mwepesi, mimi nitamwaibisha mtoto wangu mbele ya wenzake."

Nilimuuliza kama hakuwa anajali matamshi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani mimi nasemaje? Mimi Mhaya, unanisikia. Na wageni wangu wengi walikuwa Wazungu, wangejuaje bara na bala? Mimi nilitaka mtu anayependa ndege."

Nimekaa na maneno hayo miaka minne. Baba alituambia hawakumchukua, ili mama asiulize kwa nini amekataa, ili jibu lisinifikie. Alichukua kushindwa ambako hakukuwa kwake akakaa nako, kwa Kikerewe, mahali ambapo alijua sitaingia. Na mimi nilimwachia.

Nina miaka thelathini na moja sasa. Kazi yangu ni kusahihisha: nasoma miswada ya watu kabla haijaenda kiwandani kuchapwa, natafuta herufi zilizokaa vibaya, na wanaonipa kazi wanasema sina mpinzani. Nalala nikiwaza nukta. Kamusi yangu ya siku hizi ina jalada na herufi zote, na siku niliyoinunua ukurasa wa kwanza nilioufungua ulikuwa wa b. Mwezi uliopita nilikwenda tena kwenye kile kisiwa, peke yangu, kama mgeni. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye sare na kitambulisho kifuani, anazungumza kwa ufasaha, na ilipofika saa kumi na moja alitupakia kwenye boti. Nilimwomba tusubiri dakika kumi. Akasema ratiba hairuhusu. Tulikutana na yangeyange njiani, sisi tunakwenda, wao wanarudi, na mkono wangu ukapanda wenyewe kuelekea sikioni. Niliushusha.

Tangu nimzike baba sijamsahihisha mtu yeyote anayezungumza; nasahihisha karatasi tu. Ndege wote wa ziwa lile ninayo majina yao kwa Kiswahili, kwenye daftari la darasa la tano, na hakuna hata moja lililoandikwa vibaya. Ya Kikerewe, aliyonitajia akasubiri niandike, sina hata moja.